Mzimu na Maji: Juu ya Mvuto wa Mafumbo katika Riwaya na katika Maumbile

Husemwa mara kwa mara na watu wa elimu kwamba mapenzi ya mambo yaliyofichika ni mapenzi ya ujinga, na kwamba kadiri shule zinavyoongezeka na maarifa ya sayansi yanavyoenea, ndivyo watu watakavyoacha kutamani hadithi za mizimu, za maiti zisizojulikana muuaji wake, na za milima yenye mambo ya kustaajabisha. Dai hili halikuthibitika. Riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, ya Bwana Muhammed Said Abdulla, ilishinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960, na tangu hapo wasomaji wake wamekuwa watu waliokwenda shule. Wale wasiokwenda hawakuhitaji kununua kitabu ili wapate habari za mizimu. Yafaa basi tuulize ni kitu gani hasa kinachowavuta wasomaji hawa, na kama ndicho kile kile kinachomvuta mtu kuutazama mlima na kujiuliza habari zake. Kwa maoni yangu mivuto hii ni miwili, ingawa hufanana sura, na kuichanganya kuna hasara katika uhakiki wa vitabu na hasara kubwa zaidi katika maisha ya watu. Mfano wa maumbile nitauchukua Kikatiti, katika nchi ya Meru, kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, kwa sababu huko fumbo limo katika maji ya kunywa.

Tuanze na riwaya. Maiti yaonekana penye mzimu, mahali ambapo watu wa kawaida hawapakaribii pasipo hofu. Msomaji aliyelelewa katika nchi zetu ana majibu mawili tayari kabla hajafunua ukurasa wa pili: ama wazimu wamekasirika, ama yuko mtu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hashindani na wazimu wala hawadhihaki kwa maneno marefu. Yeye awauliza watu. Ataka kujua nani alikuwa wapi, nani alimchukia nani, nasaba ya huyu ni ipi na mali ya yule yatoka wapi. Katika vitabu vyote vya mwandishi huyu, tangu Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 hata Mwana wa Yungi Hulewa cha mwaka 1976, jawabu hupatikana katika mambo ya kibinadamu, na mara nyingi katika siri ya uzazi na ujamaa iliyozikwa miaka mingi.

Wahakiki wamezoea kumfananisha Bwana Msa na Sherlock Holmes wa Conan Doyle, na rafiki yake Najum na Dakta Watson, na ulinganifu huo ni wa haki. Lakini nadhani liko jambo jingine lenye uzito, ambalo latokana na maisha ya mwandishi mwenyewe. Bwana Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya ya Unguja, akafanya kazi hiyo kwa muda wa miaka kumi hivi kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti. Mkaguzi wa afya ni mtu wa kuingia uani kwa watu, kuchungulia kisima na mtaro, na kuuliza ugonjwa umetoka wapi. Haridhiki akiambiwa kwamba umeletwa na shetani. Wakati huo huo hana budi kuwa na adabu, maana akiwadharau wenyeji hawatamwonyesha kisima. Adabu hii naiona katika riwaya zake: imani za watu hazitukanwi, bali huzungukwa, kama mtu anavyozunguka mti mkubwa uliosimama katikati ya njia.

Na hapa ndipo penye ajabu ya kitabu. Kesi ikiisha kufumbuliwa, muuaji akajulikana na sababu yake ikajulikana, kwa kanuni za hesabu mzimu ungepaswa kutoweka, kwa kuwa hauna tena kazi. Haukutoweka. Msomaji aliyesoma kitabu hiki miaka ishirini iliyopita huenda amemsahau muuaji kabisa, lakini mahali pale pa mzimu apakumbuka. Jina la muuaji lilikuwa jawabu la swali, na swali likijibiwa limekwisha. Mahali penyewe hapakuwa swali hata kidogo. Palikuwa mahali tu. Hii ndiyo tofauti ninayotaka tuishike, nayo lugha yetu imeihifadhi vizuri kuliko wahakiki walivyoieleza.

Tutazame vitenzi. Mtu huficha, na mwingine hufichua. Hufumba, na mwingine hufumbua; ndipo tupatapo fumbo na ufumbuzi. Kitendawili hutegwa kama mtego, kisha huteguliwa. Chungu hufunikwa, kisha hufunuliwa. Karibu kila kitenzi chetu cha kusitiri kina mwenzake wa kutendua, na katika kila jozi ya namna hii mmedokezwa mikono miwili, mmoja uliofunga na mmoja unaofungua. Kwa upande mwingine tunayo maneno ajabu, shani, muujiza. Haya hayana kutendua. Mtu hustaajabu, na kisha akipata maelezo huacha kustaajabu au huzidi. Lakini hakuna neno la kulifungua ajabu, kwa sababu hapana aliyelifunga. Mwenye shaka na ajitazamie kitenzi gundua. Kwa sura ni cha kutendua kama fumbua na fichua, lakini hatuna leo mwenzake wa upande wa kwanza. Twagundua sayari, dawa, chemchemi. Wala hatuna neno la kumtaja aliyezificha, kwa kuwa hakuwapo.

Basi tunapoandika, kama magazeti yapendavyo kuandika, kwamba "siri ya mlima imefichuliwa", tumemwingiza kwa mlango wa nyuma mtu aliyeificha. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann alipoandika kwamba aliona theluji juu ya Kilimanjaro, Bwana Cooley wa London, mjuzi wa ramani za Afrika ambaye hakufika kuuona mlima huo, alikana kwa miaka mingi. Theluji haikujificha. Waliokaa chini yake walikuwa wakiiona kila asubuhi isiyokuwa na mawingu. Fumbo lilikuwa London.

Sasa tufike Kikatiti. Mtu akisimama hapo siku ya anga safi aweza kuuona Kilimanjaro upande wa kaskazini-mashariki na Meru upande wa kaskazini-magharibi, mlima unaozidi mita 4,500, ambao ubavu wake wa mashariki ulibomoka maelfu ya miaka iliyopita katika mporomoko mkubwa ambao mawe na matope yake yalitapakaa nchi yote iliyo kati ya milima hii miwili. Ndani ya pengo hilo kimeota kilima cha majivu, na mlima ulitoa dalili zake za mwisho za moto mwaka 1910. Maziwa ya Momella yaliyo chini yake hayafanani rangi, moja la kijani na jirani yake la buluu, kwa sababu kila moja lina mimea midogo ya namna yake. Mtalii huonyeshwa mambo haya, akastaajabu, akapiga picha. Na magharibi kidogo ya Kikatiti, mahali barabara inapovuka mto, pana mji uitwao Maji ya Chai. Aliyetoa jina hilo alikuwa na jicho na ucheshi, maana alitazama rangi ya maji akasema alichokiona, pasipo kudai kwamba anajua sababu.

Fumbo lenyewe lilikuwa katika meno. Watoto wengi wa nchi hii, katika Kikatiti, Maji ya Chai na Ngurdoto, na katika sehemu nyingi zinazoizunguka milima ya Meru na Kilimanjaro, huota meno ya ukubwani yenye madoa ya hudhurungi ambayo hayatoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Kokote Tanzania mtu akicheka aweza kuambiwa, "Wewe watoka Arusha." Penye maji makali zaidi wako watoto ambao miguu yao ilipinda. Ni jambo la kila siku, nalo lina tabia zote za hadithi ya upelelezi, hata vidokezo vya kupotosha. Wawili wanywa maji ya kisima kimoja. Mmoja ana madoa, mwingine hana. Yule asiye na madoa ni mgeni, aliyehamia akiwa mtu mzima, akanywa maji hayo miaka ishirini na meno yake yakabaki meupe. Basi maji yaonekana hayana hatia! Kumbe jino hupata doa linapoumbwa ndani ya ufizi, katika miaka minane hivi ya kwanza ya maisha. Likiisha kutokeza, maji hayawezi tena kulitia rangi. Ushahidi uliowaachilia huru watuhumiwa ulikuwa ndio ushahidi wenyewe.

Habari kama hii ilifumbuliwa mara ya kwanza mbali na huku, na yafaa kusimuliwa kwa kuwa sijui hadithi ya upelelezi iliyo bora kuliko hiyo. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifika kufanya kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya hudhurungi. Vitabuni hakukuta neno juu yake. Wenyeji walikuwa na sababu zao: nyama ya nguruwe kupita kiasi, maziwa mabaya, maji yenye chokaa. McKay alifuata jambo hili kwa miaka thelathini. Mwaka 1923 aliitwa Oakley, katika jimbo la Idaho, ambako akina mama walimweleza kwamba madoa yalianza tangu mji ulipovuta maji kwa bomba kutoka chemchemi ya maji moto. Alipoyapima hakuona kitu, lakini aliwashauri waiache chemchemi hiyo. Wakaiacha, na baada ya miaka michache watoto wadogo wakaota meno safi. Alijua mkosaji anaishi nyumba gani pasipo kulijua jina lake. Jina lilipatikana mwaka 1931, katika mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, mji wa kampuni ya aluminiamu. Mkemia mkuu wa kampuni, H. V. Churchill, alikuwa na hofu kwamba watu wangesema sufuria za aluminiamu ndizo zenye sumu. Kwa hiyo aliyapima maji kwa vyombo bora kuliko vya wengine, akakuta floraidi.

Msomaji aone yaliyomo: wako mashahidi wa uongo, yuko anayeogopa kushtakiwa, wako akina mama ambao ushahidi wao ulikuwa wa kweli kabla sayansi haijausadiki, liko hata jina linalotokea mwishoni. Lakini mtu wa kufungwa hayupo. Na hili ndilo linalozitenga aina mbili za mafumbo. Katika riwaya ya Bwana Msa ufumbuzi huiondoa hatia juu ya wazimu na kuiweka juu ya mtu. Katika fumbo la maumbile ufumbuzi wa kweli huenda kinyume: huiondoa hatia juu ya mtu, awe mama aliyedaiwa hakumlea mtoto vizuri au ukoo uliodaiwa umelaaniwa, na haiiweki juu ya yeyote. Jiwe lililotoka motoni lina floraidi. Mvua hupenya ndani yake. Maji hutoka chini yakiwa yamelibeba. Hapana zaidi. Mpelelezi mwema wa kitabuni, akipelekwa penye ugonjwa wa namna hii na desturi zake za kitabuni, ataendelea kuuliza "nani?" mpaka ampate mtu, na mtu atapatikana, kwa kuwa katika kila kijiji yuko kikongwe asiyependwa. Tanzania imewaona wazee waliouawa kwa swali hilo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba riwaya ya upelelezi ni dawa ya ushirikina kwa sababu tu yawaondoa wazimu. Yawaondoa, ni kweli. Lakini umbo lake ladai mkosaji, na mchawi naye ni mkosaji.

Bwana Abdulla mwenyewe nadhani aliihisi hatari hii, maana jina la Kisima cha Giningi lawakutanisha kisima, kitu cha mkaguzi wa afya, na Giningi, ambayo katika masimulizi ya Unguja ni makao ya wachawi. Waliomfuata hawakuisumbukia. Bwana Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo, mwaka 1965, aliihamishia kazi Dar es Salaam, akamkabidhi Inspekta Wingo na askari wake. Mambo yaenda mbio, simu zalia, na msomaji hupata alichokilipia. Sikidharau kitabu hicho, kwani kimefundisha vijana wengi kusoma Kiswahili kwa hamu. Lakini hakina mahali. Baada ya jawabu hakibaki kitu cha kurudia, na msomaji wake hutafuta kingine, kama mtu anayekula miwa. Riwaya nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilizouzwa vituoni mwa mabasi ni za ukoo huu.

Upande wa pili alikuja Bwana Euphrase Kezilahabi na Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka 1991. Humo twafuata njia, twakutana na watu wasiojulikana vizuri ni hai au wafu, na ufumbuzi hautolewi. Wanafunzi hulalamika, na walimu huwaambia kwamba hicho ndicho kina cha falsafa. Nasema kwa heshima zote kwamba lalamiko la wanafunzi lina haki kuliko jibu la walimu. Mwandishi ni mtu. Alilolificha amelificha kwa mkono wake, na msomaji aweza kumdai. Mlima hauna deni la namna hiyo. Ukimya wa mlima ni ukimya, lakini ukimya wa mwandishi ni uamuzi, na yatupasa tuuhakiki kama uamuzi mwingine wowote. Kwa maoni yangu Mzingile yasimama katika mtihani huu mahali pengi, hasa pale safari yenyewe inapokuwa na vumbi na njaa, na huanguka pale mafumbo yanaporundikwa juu ya mafumbo hata msomaji akaacha kujali.

Linabaki swali la mwanzo: kwa nini maelezo hayauui mvuto? Tukiwa bado Kikatiti naweza kutoa jawabu la sehemu. Karibu na hapo, Ngurdoto, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi katika maji. Njia iliyojaribiwa humo ni ya mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa tanuruni kwa hewa kidogo hata ikawa mkaa, husagwa iwe punje, na maji hupitishwa ndani yake; floraidi hunaswa humo na maji hutoka yakiwa salama zaidi. Mfupa una uwezo huo kwa sababu ile ile inayomdhuru mtoto: madini yaliyomo mfupani na jinoni huipokea floraidi na kuishika. Kinacholipaka jino doa na kinachoyasafisha maji ni tabia moja. Mtu aliyekuwa akistaajabia madoa kabla ya kujua haya, baada ya kujua ana la kustaajabia kubwa zaidi. Kwa Bwana Msa ufumbuzi hufunga mlango. Hapa umefungua chumba cha pili, nacho kina mlango mwingine.

Wala tusidhani kwamba kazi imekwisha. Shirika la Afya Duniani lashauri maji yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Nchi yetu kwa muda mrefu iliruhusu hata 8 katika maji ya vijijini, si kwa kutojua bali kwa sababu watu wa mahali pengi hawakuwa na maji mengine ya kunywa. Hili ndilo jambo ambalo fumbo, likipendwa mno kwa ajili ya utamu wake, huweza kulisahaulisha: kwamba yako mambo ambayo ufumbuzi wake umejulikana tangu mwaka 1931 na mtoto bado anywa.

Sijakutana na riwaya ya Kiswahili iliyojaribu upelelezi wa namna hii, usio na mkosaji. Yaweza kudhaniwa kwamba haiwezekani, kwa kuwa pasipo mkosaji hapana kisa. Lakini kisa kipo tayari. Watafiti wa meno katika Tanzania walikuta vijiji ambavyo maji yake yalikuwa na floraidi kidogo tu, na hata hivyo watoto wake walikuwa na madoa mengi. Maji yaliyokuwa yamekwisha kuhukumiwa kwingineko yalionekana safi huku. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulielekeza kidole penye magadi, yale yanayotiwa chunguni ili maharage na makande yaive upesi na kuni zisiishe. Humo floraidi ilikuwa nyingi. Mpelelezi wa riwaya hiyo angelazimika kupita maabara, mtoni, chemchemini na kwa wazee, apate majibu yote na yote yamdanganye, kisha aingie jikoni jioni, akaribishwe kigoda, na aone mkono wa mama ukikoroga, ukichota magadi kidogo kwa ncha ya mwiko. Angesema nini, na kwa maneno gani, mbele ya mtu ambaye amempikia?